Pampu Iliyovuta Badala ya Kusukuma

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ilitangulia kuingia uani kwetu, Kyuso, kabla baba mwenyewe hajafika. Alikuwa mpasuaji wa mbao kwa msumeno wa injini, ambao kila mtu aliuita pawasoo. Miaka ya themanini ikianza, nikiwa msichana wa darasa la sita, kanisa letu lilimpa kazi ya kupasua mapau ya paa jipya kabla ya mvua za Novemba. Lakini msumeno uliugua. Ukishapata moto, injini ilipaa na kulia kwa sauti nyembamba hata baba alipopunguza mafuta. Pistoni moja ilikuwa imekwisha kuchubuka na kukwama. Aliyobaki nayo ilikuwa ya mwisho. Wazee wa kanisa wakaanza kunong'ona kwamba aitwe mpasuaji kutoka mji wa Mwingi.

"Inaiba hewa mahali," baba alisema, amechoka. Kabureta alikuwa ameiosha mara tatu. Siku hiyo aliziba mdomo wa ekzosi na wa kabureta kwa vipande vya tyubu, akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli kupitia tundu la plagi, kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Hakuna povu lililovimba.

Mama, ambaye nusu ya wanawake wa soko la Kyuso walimletea stovu zao za mafuta ya taa atengeneze, alikuwa akipepeta ndengu. Akaweka ungo chini.

"Baba Mwende, hiyo injini hupumua vipi?"

"Husukuma, halafu huvuta."

"Na wewe umeipima ikisukuma tu."

Baba alimsogezea pampu. Mama alifungua pampu, akachomoa ile washa ya ngozi inayosukuma upepo, akaigeuza mdomo nyuma na kuirudisha. Sasa pampu ilivuta. Akamwambia baba aondoe gurudumu la flaiwili, akadondosha oili kuzunguka sili, ule mpira unaokumbatia chuma cha krenki. "Mwende, vuta, usiachilie." Nilivuta mpini kwa nguvu zote, nikaushikilia. Oili ikazama polepole, ikapotea ndani. Mpira uliojikaza uliposukumwa ulilegea ulipovutwa. Ufa wake ulikuwa mwembamba kama unywele. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sili mpya ililetwa na lori kutoka Mwingi, na paa likakamilika wiki moja kabla ya mvua. Mchungaji alipomshukuru baba mbele ya watu, baba alisimama, kofia mkononi. "Aliyeponya msumeno ni Mama Mwende. Mimi nilikata miti tu." Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilikaa wima kwenye benchi, nikitaka kila mtu aone ninafanana na nani.

Leo nafundisha ufundi wa injini ndogo huko Kibwezi. Tuna vipimo vya kusukuma na vya kuvuta, na wanafunzi wangu huupata ufa kama ule kwa dakika chache, jambo linalonifurahisha. Vifaa vimebadilika kuliko macho ya watu. Bado wateja huingia karakanani, wakanitazama, kisha wakauliza fundi yuko wapi. Huwa siinui hata kichwa. "Umeshamfikia," nawaambia. "Weka mashine hapo mezani."