Kidau cha Wino Kilichomuumbua Evrard

Usiombe kuumbuliwa na kidau cha wino. Evrard yalimkuta Jumapili mchana kweupe, duka limejaa, pale soko la vitu vya kale la Saint-Ouen, nje kidogo ya Paris.

Naitwa Perrine. Baba yangu, mzee Firmin, alitengeneza vidau vya shaba iliyopakwa dhahabu kwa mitindo ya kizamani. Aliviuza kama vipya, bila kificho.

Evrard alivinunua, akaviuza kama vya miaka mia na hamsini. Aliponaswa, akamgeuka baba.

"Huyo mzee tapeli ndiye kaniingiza mjini!"

Watu wakamwamini. Baba akafa akiitwa tapeli. Nilimchukia Evrard mpaka chakula kikawa hakipiti.

Kwa ufundi alionirithisha baba, nikatengeneza kidau kizuri, nyuki juu ya kifuniko. Shangazi Ghislaine akamuuzia Evrard.

Baadaye nikaingia dukani nimevaa kitajiri. Sura yangu hakuijua, akaniletea kidau changu mwenyewe.

"Madam, hiki kilikaa mezani kwa waziri wa Napoleon wa Tatu."

"Hakivuji?"

"Kivuje? Hii kazi ya wazee, si takataka za siku hizi!"

"Basi tia wino tuone."

Sisi mafundi, kidau kipya lazima kibatizwe: kinajazwa wino, unamwagwa, kinafutwa, ndipo kinatoka karakana. Hiki sikukibatiza. Makusudi.

Evrard akamimina mwenyewe, akamwaga, akafuta. Wino ukabaki kwenye mikwaruzo myembamba niliyochora ndani ya kidau, ambayo bila wino huioni.

"Nisomee hayo maandishi," nikamwambia.

Evrard akataka kukifunika haraka. Mteja mmoja akampokonya, akasoma kwa sauti: "Perrine, binti Firmin. 2023."

"Nimetapeliwa!" Evrard akafoka. "Yule bibi aliyeniuzia..."

"Bibi mwenyewe huyu hapa," shangazi akasema kutoka mlangoni. "Si nilikwambia kimetengenezwa na mtoto wa kaka yangu, mwaka huu huu? Ukacheka. Ukasema nifunge mdomo, wateja wasisikie."

Ndiyo. Hatukumdanganya hata neno moja.

"Sasa waambie kuhusu baba," nikasema.

Wateja wakamzingira, mlango haupitiki. "Mzee Firmin hakunidanganya. Nilijua ni vipya."

"Sema tena. Huku nyuma hawajasikia."

Akasema tena. Kisha akaninong'oneza, "Binti, nisamehe."

"Kamwombe baba."

Sijamsamehe mpaka leo, na nalala vizuri sana.

Ukitaka kumkomesha mwongo, usihangaike kumtungia uongo. Mwambie ukweli, umwache aufiche mwenyewe.