Ushuhuda Wangu kwa Watu wa Tarumbeta

Chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka nafunika uso, na nilikuwa nimekataa kabisa kuwaambia nyinyi wa kanisa letu la Tottenham, hapa London, vile nilipata hii kazi.

Mnajua nilivyokuwa nakaa, mimi na mwanangu Neema kitanda kimoja, ukungu umepanda ukutani, mtoto anakohoa mpaka asubuhi. Basi nikaitwa intavyuu huko kaskazini, mji wa viwanda (vyenyewe vilifungwa zamani, imebaki mvua na mabomba ya moshi yasiyotoa moshi), nikatunze wazee, na kazi inakuja na nyumba. Nyumba, jamani, yenye jikoni yake.

Nikafika mapema, mvua ikanishika, na kwenye ukumbi mmoja nikasikia tarumbeta zikipiga wimbo wetu kabisa wa kanisani, nikasema wacha niingie nijikinge na nibarikiwe pia. Wamevaa koti za aina moja, vifungo vinang'aa, nikakaa nyuma. Wimbo ukaisha, mzee aliyesimama mbele na kifimbo akaniangalia, wote wakageuka. Sasa kwetu mgeni akiangaliwa hivyo anafanya nini? Nikasimama.

Nikawasalimu kwa jina la Bwana, nikawapa salamu za kanisa letu, nikatoa ushuhuda wote, kile chumba, ule ukungu, kifua cha Neema wangu (hapo machozi), nikaomba waniombee kwa meneja wa nyumba ya wazee, maana nimeambiwa ni mama mkali ajabu, Bwana amlainishe moyo. Nikamalizia na pambio, nikipiga makofi peke yangu.

Yule mzee akashusha kifimbo. "Mpenzi," akasema polepole (huko kila mtu ni mpenzi, hata kwa dereva wa basi), "hapa si kanisani. Ni mazoezi ya bendi."

Kabla sijaufikia mlango, mama mmoja nyuma ya tarumbeta kubwa akasema, "Na huyo mkali ni mimi. Tuonane saa nane."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilienda tu kwa sababu tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya jioni. Hakuuliza vyeti, hakuuliza nimefanya kazi wapi. Aliuliza, "Kifua cha Neema kimeonwa na daktari?" Nikalia upya. Akanipa kitambaa, akasema ile nyumba inapata jua asubuhi, likitoka.

Nimeapa sitasimama tena popote kabla ya kuuliza niko wapi. Nanyi mkija, mkisikia wimbo pale ukumbini, ingieni mkae kimya, hata mkiangaliwa. Mimi mtanikuta nyuma. Neema atakuwa mbele na tarumbeta yake, anapuliza kwa kifua kilekile.