Mwanzi Mgumu wa Ombati

Zumari ile ya Waskoti ina mfuko wa ngozi wa kubana kwapani, filimbi moja ya kuchezeshea vidole, na mabomba matatu ya kulalia begani. Watu wa Nyamira hawakuhangaika na jina refu. Waliiita mbuzi, basi. Na kweli, ikishikwa na mtu asiyeijua utadhani kuna mnyama anachinjwa. Lakini Nyangate na Ombati wakiipuliza bega kwa bega, hata wachekaji walinyamaza.

Wawili hao walijifunza jeshini wakati wa vita vya Burma, kwa sajini mmoja Mskoti aliyekuwa akiwachapa vidole kwa fimbo. Mwaka wa sitini na tatu, Mzungu mmoja wa mashamba ya chai alipofunga virago kurudi kwao, aliwaachia zumari sita, nao wakaunda bendi: wapulizaji sita, na Obadiah kwenye ngoma. Nyangate akawa mkubwa wao. Mazoezi yalifanywa Jumapili baada ya misa, maana Jumamosi Ombati, Msabato wa kuzaliwa, hakugusa chochote kinachofanana na kazi.

Haikuwa bendi ya muziki tu. Mmoja akijenga, wote walikanyaga udongo. Ombati alipougua kichomi mwaka wa sitini na saba, wenzake walimchumia chai yake miezi miwili, na Nyangate alishika machela kwa mbele mpaka hospitali, mvua ikimnyeshea.

Ombati alipona, ila kifua hakikurudi kilivyokuwa. Zumari yake ilianza sawa na za wenzake, kisha katikati ya wimbo sauti ikashuka kiasi cha unywele. Kwa mtu wa kawaida unywele si kitu. Kwa bendi ya zumari ni mlima.

Kila mwaka bendi ya Nyamira ilishindana na ya Ogembo kwenye maonyesho ya kilimo mjini Kisii. Ogembo walikuwa wamebeba kombe mara mbili mfululizo, na majivuno yao hayakuwa na kifuniko. Mara ya pili mwamuzi alimwambia Nyangate machoni pa watu kwamba zumari moja ilikuwa ikiwaharibia. Nyangate aliijua. Wote waliijua, isipokuwa Ombati mwenyewe.

"Mzee, mwambie Ombati akae nje," Obadiah alimwambia. "Wewe ndio mkubwa. Ukiona haya, hawa watu ya Ogembo watatupiga tena."

"Nitamwambia."

Mara tatu alikwenda kwa Ombati na maneno hayo mdomoni. Mara tatu Bathsheba, mke wa Ombati, akamwekea ugali wa wimbi na chinsaga, na Nyangate akala, akashukuru, akarudi na maneno yake tumboni pamoja na ugali. Mtu aliyevuka Burma akiwa na bunduki, akashindwa na sahani ya mboga! Ndivyo tulivyo wanadamu.

Sasa, ndani ya ile filimbi ya vidole kuna mwanzi mdogo wenye ndimi mbili, na huo ndio unaolia. Mianzi ya bendi nzima aliichonga Nyangate mwenyewe, kwa matete ya mto Gucha. Ukichongwa mwembamba, mwanzi hulia kwa pumzi ndogo. Ukiachwa mnene, unataka kifua cha fahali. Kila mpulizaji alikuwa na wake uliopimwa kifuani mwake, kama mtu anavyopimiwa shati.

Asubuhi ya mashindano ya mwaka wa sitini na tisa, nyuma ya mazizi ya ng'ombe wa maonyesho, Nyangate alizikusanya filimbi zote azilinganishe sauti kama kawaida yake. Katika ya Ombati alitoa mwanzi mwembamba, akatia mnene kuliko wote aliowahi kuchonga. Alijua hautalia. Mabomba ya begani yatanguruma kidogo, yamezwe na ya wenzake, na hakuna atakayetambua. Alijiambia kwamba ni kwa leo tu, kwamba wakilipata kombe atamweleza rafiki yake nao watacheka. Alimrudishia filimbi wakati bendi inaitwa uwanjani, pasiwe na nafasi ya kuijaribu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Ombati aliingia uwanjani akitabasamu.

Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Vidole vyake vilitembea juu ya matundu bila kukosea hata kimoja, na filimbi haikutoa kitu. Nyangate alikuwa hatua moja kando yake. Hakugeuza shingo.

Walishinda. Obadiah alilia kwa furaha, na Ombati aliwapa wote mkono, mmoja mmoja. Wakati wa kufungasha, Nyangate aliurudisha mwanzi wa zamani mahali pake.

Jumapili iliyofuata Ombati hakuja mazoezini, wala ile ya pili. Ya tatu, Nyangate alimfuata nyumbani.

"Pumzi yangu imeisha, omosani," Ombati alisema, akimwita rafiki kwa lugha ya kwao. "Siku ile nilipuliza, haikulia. Mungu amenisitiri, hakuna mtu alisikia. Afadhali niache kabla sijawatia aibu."

Mlango wa kuungama ulikuwa wazi kabisa, na Nyangate hakuwa na la kufanya ila kuingia. Badala yake alisema, "Pole."

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Ya Nyangate yalizaliwa siku ile ile, yakakua mbele ya macho yake. Kombe lilikaa kwake juu ya kabati, naye akajizoeza kutolitazama. Bendi ilijiburuza miaka minne. Wawili walikwenda Nairobi kutafuta kazi, mifuko ya ngozi ikaliwa na panya, na hakuna aliyeitisha mkutano wa kuivunja bendi.

Mwaka wa sabini na nane, kichwa kikiwa cheupe, Nyangate alikwenda kwa Ombati akasema yote: mwanzi, mazizi, filimbi iliyorudishwa dakika ya mwisho. Alisema upesi upesi, asije akaandaliwa chakula kabla hajamaliza.

"Kwa hivyo haikuwa kifua," Ombati alisema.

"Kifua kilikuwa kimepungua. Lakini mwanzi wako ungelia. Ungelia vizuri."

"Nilimwambia Bathsheba nimekwisha. Hata kanisani niliacha kuimba, nikiogopa sauti itakatika mbele ya watu. Miaka tisa, Nyangate, wenzangu wakisimama kuimba mimi nasimama nimefunga mdomo." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Ungeniambia tu nikae nje. Ningekaa. Ningewapigia makofi kuliko mtu yeyote."

Nyangate aliomba msamaha, na Ombati akasema amemsamehe, kwa sauti ya mtu anayelipa deni lisilo lake.

Jumamosi iliyofuata Nyangate, Mkatoliki, alivaa koti lake na kwenda kusimama nje ya kanisa la Wasabato, chini ya dirisha, Ombati akiwa ameshaingia. Walipoanza kuimba alifumba macho, akazichambua sauti moja baada ya nyingine, za wanawake, za vijana, za wazee, mpaka wimbo ukaisha. Aliwatambua karibu wote. Ya Ombati haikuwemo.