Keto ilininyima usingizi mpaka mama mkwe akataka kuondoka na mwanangu

Wakuu, salaam. Wa rika langu mambo vipi, wakubwa zangu shikamooni.

Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, apite uzi wa jirani. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa Songea, mtaa wa Lizaboni, na bado nina hasira. Nikiropoka kidogo mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani. Form four nilimaliza, sikuendelea. Nina mtoto mmoja, Faraja, wa kike, mwaka na miezi mitatu, bado ananyonya. Baba yake yuko kwenye biashara ya korosho Tunduru. Msimu ukianza namwona kwenye simu tu.

Mwanzo wa yote ni tumbo.

Mtoto wa wifi yangu alipata komunio ya kwanza, tukaalikwa. Nimevaa gauni nililoshona kwa mkono wangu. Wifi akaja, akanishika tumbo mbele ya meza nzima: "Hongera wifi! Huyu wa pili mwezi wa ngapi?"

Sikuwa na mimba. Lilikuwa tumbo la Faraja, halijaondoka.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikarudi nyumbani nikalia hata viatu sijavua.

Wiki hiyohiyo nikaingia group la keto la WhatsApp. Kuna mtu anajiita kocha. Simtaji, sitaki kumletea wateja. Masharti yake: ugali hakuna, wali hakuna, viazi, ndizi, uji, maharage, vyote hakuna. Ule mayai, nyama, parachichi, majani, mafuta.

Sasa mjue Songea ni wapi. Huku mahindi yanalala mpaka chini ya kitanda. Ukimwambia mtu huli ugali anakuuliza unaumwa nini. Mama mkwe wangu analima Maposeni, na kila mwezi anatuletea unga. Nikawa napokea, nashukuru kwa magoti, halafu nagawia majirani kimyakimya.

Njaa je? Kocha akasema: ukisikia njaa, kunywa kahawa nyeusi, tia siagi.

Kahawa kwangu siyo shida. Nimezaliwa Mbinga, baba yangu ana mibuni. Kaka akanitumia kopo zima, imekaangwa na kusagwa.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipo, msinicheke sana. Sisi tunaolima kahawa hatuinywi. Tunachuma, tunaanika, tunauza, tunarudi nyumbani tunakunywa chai ya rangi. Nimekua nikilala juu ya magunia ya kahawa, lakini kikombe kizima sijawahi kumaliza. Kwangu kahawa ilikuwa ada ya shule na bati za nyumba. Inamfanya nini anayeinywa, sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia, maana hakuna aliyekuwa anajua.

Nikawa nakunywa asubuhi, saa nne, mchana, na kikombe cha mwisho saa moja jioni ili nilale bila kusikia tumbo.

Jingine ni chumvi. Mama mkwe ana presha. Nilipojifungua alikuja kuniuguza miezi mitatu, nikazoea kupika bila chumvi. Chumvi inakaa kwenye kisosi mezani, kila mtu anajinyunyizia. Kocha akasema chumvi inajaza maji mwilini. Nikaacha kujinyunyizia. Hivyo nyumba nzima ikawa haina hata punje inayoingia kinywani mwangu.

Kilo zilishuka. Sitawadanganya, zilishuka kweli. Lile gauni nikalipunguza mara mbili. Nikajipiga picha, nikamtumia wifi. Akajibu "mmh".

Lakini usingizi ukaniaga.

Siongelei kuamka kwa sababu mtoto analia, hilo kila mama analijua. Naongelea kulala chali, mtoto amelala fofofo, mwili umechoka kama nimelima eka, macho makavu yanatazama dari. Moyo unapiga kama natoka kukimbizwa. Misuli ya miguu inakaza mpaka nauma shuka. Usingizi ukija, unakuja jogoo anawika, na hapo Faraja naye anaamka.

Siku nne. Wiki. Wiki tatu.

Nikauliza kwenye group. Kocha akaleta voice note: "Dada, hiyo ni sumu inatoka. Mwili unajisafisha. Wenye nidhamu hawaogopi usingizi kupungua." Wenzangu wakaweka alama za moto chini yake.

Sumu! Na mimi mtu mzima nikaamini.

Nikashona shati la shule mikono yote miwili ikawa ya kushoto. Mteja akalirudisha, nikamfokea yeye. Nikamfokea mtoto kwa kudondosha kijiko. Maziwa yakapungua. Faraja ananyonya, anaachia, ananitazama usoni, anarudi tena. Yale macho siyasahau.

Basi ikaja Jumatatu moja, mchana. Nashona barazani, Faraja anacheza na vipande vya vitambaa miguuni pangu. Nakumbuka nilikuwa kwenye kola. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Niliyoyajua nimeyajua kwa kuambiwa.

Mama mkwe alikuwa anakuja na unga. Bodaboda ilipokata kona ya mtaa wetu, akaona mtoto katikati ya barabara, hana viatu, ameshika kitambaa cha bluu. Akamwambia dereva asimame. Akaangalia vizuri. Mjukuu wake.

Mimi naamka, shavu liko juu ya cherehani, mama amekaa kwenye kiti cha wateja. Faraja yuko mapajani mwake. Mfuko wa unga uko mlangoni. Alikaa pale muda gani sijui. Hakuniamsha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelala vizuri?"

Nikafuta mate shavuni.

"Huyu nimemkuta barabarani," akasema, bila kupaza sauti. "Ingekuwa ni lori lililokata kona ile, sasa hivi tungekuwa tunasalimiana?"

Nikakaa chini kwenye vitambaa.

Akaingia jikoni, akatoka. "Unga wa mwezi uliopita uko wapi?"

Nikasema yote. Wifi, tumbo, group, kocha, kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mtoto ananyonya nini hapo kifuani? Kahawa?"

Nikajifunika kifua kwa mkono.

"Namchukua. Nikamwachishe ziwa kwangu."

Kwa wasiojua: kwetu mtoto wa kuachishwa hupelekwa kwa bibi ili asahau ziwa huko. Ni desturi tu, wala si uadui. Ila mtoto huenda kwa wiki mbili akarudi wakati wa kuanza darasa la kwanza. Mume wangu mwenyewe aliachishwa hivyo.

Nikampigia mume simu Tunduru. Unajua alisema nini? "Mwache mama amchukue, na wewe upumzike."

Nipumzike! Mtu ambaye hajawahi kuamka hata mara moja mtoto akilia ndiye anayejua maana ya kupumzika. Nilimkatia.

Nikapiga magoti. "Mama, nipe wiki moja."

Akafikiri. "Siku saba. Nitalala chumbani kwenu. Nikikuona unalala kama watu, naondoka peke yangu. Usipolala, naondoka na mtoto."

Wakuu, hebu jaribuni kulala huku mnachungwa.

Yeye na Faraja kitandani, mimi godoro la chini. Kila nikijigeuza, sauti inatoka gizani: "Bado?"

"Bado, mama."

"Haya."

Siku mbili za kwanza zikaisha hivyo. Mchana mama ananitazama kama mtu anayetazama mahindi yanayonyauka.

Siku ya tatu ilikuwa kliniki ya mtoto. Uzito wa Faraja ulikuwa umeshuka. Nesi, mama mmoja mtu mzima, akaacha kumtazama mtoto akanitazama mimi. Akanipima presha. Iko chini.

"Unakula chumvi?"

"Nyumbani kwetu hatutii."

"Nani ana presha?"

"Mama mkwe."

"Sasa wewe unafuata masharti ya ugonjwa wa mkweo?" Akauliza kahawa vikombe vingapi. Nikasema vinne, siku nyingine vitano. "Cha mwisho saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

Akaweka kalamu chini. "Wewe mtu wa Mbinga?"

"Ndiyo."

"Nilijua tu. Mnalima kitu msichokijua."

Halafu akaacha utani. Akaniambia mama anayenyonyesha hakati wanga ghafla, peke yake, kwa maneno ya simu. Ningeweza kuanguka na mtoto mkononi. Moyo kwenda mbio na misuli kukaza, akasema mwili umepoteza maji na chumvi. Akanipa siku ya kurudi kwa daktari.

Nilichofanya ni hiki, na siwaambii muige. Kila mtu apimwe kwanza.

Kahawa nikaacha. Siku mbili kichwa kiliniuma mpaka nikafunga kitenge. Sasa hivi nakunywa kikombe kimoja asubuhi, basi.

Chumvi ya kwenye kisosi nikaanza kujinyunyizia tena, na supu ya mifupa nikawa natia kidogo. Mboga za majani nikaongeza, na maji ya kutosha mchana, siyo kujazana maji wakati wa kulala.

Chakula cha jioni saa kumi na mbili, kabla njaa haijanizidi. Na hapo ndipo mama aliponishinda: alipika ugali, akamega tonge moja kubwa kama ngumi yake, akaliweka kwenye sahani yangu pembeni ya mayai. Nikala. Wakuu, nililia nikiwa natafuna.

Sijarudi kula mlima wa ugali. Mchana bado nakula mayai, nyama na majani. Jioni tonge langu lipo, na mchana nikisikia njaa nakula kiazi kitamu. Daktari alikubali hivyo, maadamu nanyonyesha.

Simu nikaiacha sebuleni. Nilikuwa naamka naingia group kusoma watu waliopungua kuliko mimi.

Usiku wa nne: "Bado?" "Bado, mama." Wa tano nikapata usingizi wa kama masaa matatu. Wa sita misuli haikukaza, lakini niliamka mara mbili kwa hofu tu. Imebaki siku moja, na sijawahi kulala moja kwa moja.

Baada ya usiku wa saba nilifumbua macho, jua liko ukutani. Jua! Saa mbili asubuhi.

Kitanda kimetandikwa. Mama hayupo. Faraja hayupo. Mfuko wa safari wa mama haupo.

Nilitoka nje na khanga moja, nywele wima, napiga kelele jina la mwanangu. Majirani wakatoka.

Walikuwa nyuma ya nyumba. Mama amekaa kwenye ndoo, mfuko wake uko pembeni, anamlisha Faraja uji. Uji umemjaa mtoto mpaka kwenye nyusi.

"Kelele za nini?" akasema. "Umekoroma kama mashine ya kusaga. Mtoto alilia mara mbili, nikambembeleza mimi, wewe huna habari."

Nikamuuliza kwa nini mfuko upo nje.

"Si naondoka? Peke yangu. Tulikubaliana."

Nikamshukuru, nikataka kupiga magoti tena, akanizuia. Akamfuta Faraja uso kwa kiganja. Halafu akasema kitu sijawahi kukisikia tangu niolewe.

"Baba yake huyu nilimpeleka kwa bibi yake kwa wiki mbili tu, zikawa miaka. Nilikuwa nimechoka kama wewe. Aliporudi alinisalimia shikamoo shangazi."

Akapanda bodaboda. Unga akaacha.

Kocha nilimwandikia kwenye group, mbele ya watu, kwamba mwanangu alikuwa barabarani kwa sababu ya "sumu" yake. Akaniondoa ndani ya dakika. Kuna dada mmoja akanifuata inbox: "Na mimi silali." Nikamwambia aende akapimwe.

Nilichojifunza mimi: mwili ukikunyima usingizi unakuambia kitu, na anayekuambia uupuuze muulize kesho mtoto wako ataokotwa na nani. Kilo nilizopunguza zimerudi mbili. Sijali. Wifi naye anaweza kuja kunishika tumbo, safari hii atajua mkono wangu una uzito gani.

Kama kuna humu anayekula keto na analala vizuri, tena ananyonyesha, aje aseme anafanyaje na nani anamsimamia. Wa kunitukana nao karibuni, nimeshatukanwa na watu ninaowaheshimu zaidi.

Naishia hapa. Kuna mtu ameamka chumbani anaita mama, na anayeitwa ni mimi.