Kibuyu Nilichokatazwa Kufungua

Mjukuu wangu amemaliza ualimu. Naringa, na asiyependa kusikia azibe masikio. Siku ya sherehe pale chuoni kwao Dodoma waliwaalika watu wote, hata sisi wa jembe, waje waone mambo ambayo walimu hao wapya wameyachunguza. Yeye alisimama nyuma ya meza yenye karanga zilizoota ukungu, akieleza kwa nini tusizile. Akamaliza, akasema, “Sasa niulizeni, wazee wangu.” Lakini akili yangu ilikuwa imeshaondoka. Ilikuwa imekwenda kwa mwalimu wangu wa kwanza, enzi za Mdachi.

Kwetu ni upande wa Hombolo. Tulikaa kwenye tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, ndama wakilala ndani nasi, na asubuhi nywele zinanuka moshi na maziwa. Chakula ugali wa uwele na mlenda. Shule ilikuwa tembe jingine tu, lisilo na ndama. Mwalimu alikuwa kijana wa huku huku bara, aliyefundishwa kazi hiyo pwani, akarudi na kanzu moja na maswali mengi. Kwa nini mchwa hawali mti huu? Kwa nini maji ya kisima kile yana chumvi? Watu wakasema pwani imemharibu.

Wavulana walipelekwa shuleni kwa amri, ingawa askari hawakuja kukagua, na wazazi walinung'unika, maana nani achunge? Mjomba wangu, mwenye ng'ombe wengi, alimwambia mwalimu usoni: “Nionyeshe jambo moja tu la maana linalotoka humo ndani. Usiponionyesha mpaka mvua, nawachukua wangu, na wenzangu watafuata.” Basi hapo hakuna shule tena. Sote tulilijua hilo.

Mwalimu akachagua fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka. Alitaka kupima kama majivu ya mavi ya ng'ombe yanawazuia. Akaja kwa bibi yangu kuomba mbegu za mtama. Lakini kwetu mbegu ni mali ya wanawake, mwanamume hatii mkono.

“Nitakupa vibuyu viwili,” bibi akasema, “ila atavitunza mjukuu wangu. Wewe utavitazama kwa macho.”

Ndivyo nilivyoingia shule, mimi msichana, kama mlinzi wa vibuyu. Kimoja kilitiwa mtama na majivu, kimoja mtama mtupu. Vyote vikazibwa mdomo kwa mavi mabichi. Mwalimu akasema tutavifungua siku moja tu, mbele ya wazazi.

Sasa wewe niambie, mtoto ameketi na kibuyu kutwa nzima, anasikia ndani kama kuna kitu kinakwaruza, atavumilia? Nilikifungua kile cha majivu. Nikamwaga mtama kwenye ngozi, nikapuliza majivu ili nione vizuri, nikarudisha, nikaziba. Kesho nikafungua tena. Na keshokutwa.

Siku ikafika. Wazazi wamejaa, mjomba mbele. Mwalimu akapasua kibuyu cha mtama mtupu: wadudu tele. Akatabasamu. Akapasua cha majivu: wadudu tele, labda kuliko kile cha kwanza.

“Mwalimu,” mjomba akasema, “hizi ni mbegu au kitoweo?”

Watu wakacheka mpaka ndama wa nyumba jirani wakashtuka. Mwalimu alisimama tu, mikono imejaa unga wa fukusi. Nikaona mjomba anawaita wanawe waondoke. Ndipo nikalia: “Ni mimi! Nilikuwa nafungua!”

Kila mtu alikuwa akingoja kiboko, maana ndiyo iliyokuwa dawa ya siku zile. Mwalimu akachuchumaa mbele yangu.

“Ulifungua mara ngapi?”

“Kila siku.”

“Ukaona nini?”

Nikamwambia yote. Kwanza hakuna kitu. Kisha tundu dogo kama la sindano. Kisha unga. Kisha mdudu, ambaye ukimgusa anajifanya maiti, ukimwacha anatembea. Na majivu nimeyapuliza mpaka yameisha.

Akawageukia wazazi. “Mmesikia? Aliyechunguza ni huyu. Mimi nilifunga nikangoja.”

Bibi akapiga makofi. “Ndiyo maana hatufungui mbegu mpaka mvua inyeshe! Mama yangu aliniambia mizimu itakasirika. Kumbe mizimu yenyewe ina miguu sita!”

Mjomba hakucheka. Alinitazama, akamtazama mwalimu. “Shule niliyoiona mjini, mtoto akikosea analazwa chini na kuchapwa. Huyu mwalimu kaaibishwa mbele yetu, halafu anamwuliza mtoto ameona nini.” Akakohoa. “Wangu wabaki. Ng'ombe nitachunga mwenyewe.”

Msimu ule nilikaa mbele, karibu na mlango, na hakuna aliyeniondoa. Halafu ikaja vita ya Mdachi na Mwingereza. Wakachukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua wanaume wa kubeba mizigo, na mwalimu akiwamo. Kisha njaa, ambayo sitaki kuisimulia. Lile tembe la shule lilikosa mtu wa kukandika paa, mvua mbili zikalilaza chini. Leo ni shamba la mtu, ukipita huoni hata alama.

Tulitaka kumwandikia mwalimu, tujue kama yu hai. Lakini darasa letu lilikuwa halijafika kwenye kuandika barua.