Uso wa Dada Kwenye Picha ya Uvivu

Shemeji yangu Didas hawezi kuchora uso wa mtu asiyemjua. Mkono anao, hilo sibishi. Kuta za saluni na baa kuanzia Tandale mpaka Kinondoni alizichora yeye, miaka ile kabla mabango ya kuprinti hayajamnyang'anya kazi. Lakini mpe picha ya mgeni ainakili: nguo zitatoka, mikono itatoka, uso utatoka wa jirani. Nilikuwa namcheka sana kwa hilo, na kusema kweli nilikuwa namcheka kwa mengi. Mwanaume mpole kupita kiasi, suruali imejaa rangi, ukimsemesha anajibu baada ya dakika mbili.

Mwaka jana Khulud, mwenye duka la fremu na mapambo kule Kinondoni, alimpa kazi. Mteja wake alitaka nakala za picha za Waholanzi wa karne nyingi zilizopita, zichorwe kwa mkono, zile zinazoonyesha tabia mbaya za binadamu: kiburi, uchoyo, wivu, hasira, ulafi, uzinzi na uvivu. Kila tabia na mtu wake, na wanyama na vituko pembeni. Khulud alimletea picha hizo zimechapwa kwenye karatasi, azinakili, akamwambia, "Baba Fransis, nguo zibaki zao, miti ibaki yao. Nyuso fanya uwezavyo, mteja hana neno." Alikuwa anamjua.

Basi Didas akaanza kuwagawia watu wa mtaani dhambi. Kiburi alijipa mwenyewe, kwa adabu. Ulafi akampa rafiki yake Brightson, fundi viti, ameketi mezani na kofia ya manyoya, paja la kuku mkononi. Nilidhani Brightson atakuja na panga. Wapi! Alikuja na mkewe na wakwe zake, akataka apigwe picha amesimama kando ya picha. Ikafika mahali watu wanapita kwenye banda lake la kuchorea kuuliza kama wivu bado una nafasi.

Ya mwisho ilikuwa ya uvivu. Mwanamke amelala mchana kweupe, kichwa amekiegemeza kwa punda aliyelala naye, kazi zimemzunguka hazijaguswa, konokono wanatambaa miguuni pake. Uso ulikuwa wa dada yangu Kokushubila, mke wa Didas.

Sasa nikueleze dada yangu ni nani. Anauza chai na chapati sokoni Tandale. Saa tisa usiku ameshawasha mkaa, maana malori ya mchele na viazi yanaingia alfajiri na wapakuaji wanataka kitu cha moto. Jioni anapika, anafua, anakanda unga wa kesho. Miaka ishirini na sita hivyo hivyo. Mwanawe Fransis alisoma kwa chapati hizo mpaka akawa mwalimu. Niambie, huyo ndiye mvivu?

Wapakuaji walioiona picha walimtania siku nzima. "Mama Fransis, punda hajambo?" Alivumilia mpaka alipofika nyumbani, akamwambia mumewe afute uso. Didas, ambaye hajawahi kumkatalia kitu, alisema hapana, uso utabaki. Dada akafunga virago, akavuka bahari kwa pantoni kuja kwangu Kigamboni. Alisema harudi kwa Didas mpaka ule uso ufutwe, na dada yangu akisema jambo harudi nyuma. Nilimpa chumba, nikamuunga mkono, tena kwa sauti.

Siku ya nne, saa nane mchana, Didas alitokea mlangoni kwangu, picha kaifunga kwa shuka, mgongo umelowa jasho. Sikumwamkia. Nilimpa vidonge vyake pale pale.

"Shemeji, mtu hajalala tangu umuoe, leo unamwanika mbele za watu kuwa mvivu? Huna hata haya?"

Alisubiri nimalize, kama kawaida yake. Kisha akamgeukia dada, aliyekuwa anachambua mchele wangu, maana hata akinuna hawezi kukaa mikono mitupu.

"Ndo hivyo anavyosema mdogo wako Avelina," alisema. "Hulali. Mie nikilala nakuacha unakanda, nikiamka ushaondoka. Miaka yote hii, Koku, sijawahi kukuona umelala. Karatasi ya Khulud ilipofika, nikamwona yule mama kapumzika vile, hana habari na mtu. Nikasema huyu ndo nitampa sura ya mke wangu. Habari ya uvivu wala sikuiwaza. Niliwaza usingizi tu."

Nilimwonea shemeji huruma, na nikaona aibu, maana hata mimi mdogo mtu sikukumbuka lini nimemwona dada amelala tangu tulipokuwa watoto.

Dada akaweka ungo chini, akafungua shuka. Akaelekeza kidole kwenye uso.

"Na huu mdomo wazi?"

"Nimebuni."

"Silali mdomo wazi mie."

"Sasa mie nitajuaje?"

Hapo dada akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Nalala kiubavu," alisema. "Mkono chini ya shavu, hivi. Urekebishe, halafu umpelekee Khulud mzigo wake. Jioni tutarudi wote."

Akajilaza kwenye mkeka amwonyeshe. Didas akatoa penseli na kipande cha karatasi, akachuchumaa karibu yake. Mimi nikaingia ndani kuinjika chai, nikaosha na vikombe.

Niliporudi dada alikuwa amelala kweli. Chembe za mchele zilikuwa zimemganda mkononi, na mdomo ulikuwa wazi. Karatasi ya Didas haikuwa na hata mstari mmoja. Nikamnong'oneza mbona hachori.

"Ngoja kwanza, shemeji," alisema. "Namwangalia."