Kunde Zangu na Mbawala wa Mume Wangu

Kunde zangu ndizo zilizomlea yule mbawala. Nilizipanda nipate mboga, akazila yeye.

Shamba letu la Shika Adabu mume wangu alilirithi kwa babake: minazi, mikorosho, na nyuma yake kichaka nilichokichukia kwa sababu ya nyoka. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni alikuja Mzungu mmoja wa bandarini, mwenye bunduki na kibali cha kuwinda, akamwona humo mbawala dume, bado mchanga, pembe hazijazidi kidole. Wakaafikiana na mume wangu kwamba asiguswe mpaka pembe zifike urefu wa mkono hadi kiwiko. Kichwa angekichukua Mzungu akakitundike ukutani, nyama ingekuwa yetu. Binti yetu alikuwa keshachumbiwa, nami nikaiona nyama hiyo tayari imo kwenye sufuria ya harusi.

Basi tukawa watumishi wa mnyama. Mitego ikapigwa marufuku, kichaka hakifyekwi. Kiangazi kikiingia, mume wangu alibeba debe la maji kwenda kujaza karai alilolizika chini ya mkorosho. Nilipolalamikia kunde aliniambia, "Subiri, mama. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu anazila yeye," nikamjibu. "Mimi nimeachiwa mashina."

Miaka ikapita. Manyoya mekundu yakawa meusi, pembe zikajisokota zikapanda. Kila asubuhi mume wangu alikuja na habari zake: leo amelala wapi, leo amekunywa kiasi gani. Nilimwonea wivu mnyama yule, nasema kweli.

Wiki ya harusi Mzungu akaja na bunduki yake. Ili tupate kula, ilibidi mume wangu asome bismillahi risasi inapotoka, kisha akimbilie na kisu amchinje mbawala kabla hajakata roho. Mimi nilisimama mlango wa jikoni. Mbawala akatoka kichakani taratibu, akainamia karai. Mzungu akainua bunduki, lakini kabla hajafyatua mume wangu akapaza sauti:

"Bismillahi! Allahu Akbar!"

Kunguru wote wakaruka. Risasi ikaingia kwenye mnazi, na mbawala hakuonekana tena siku ile. Mzungu aliondoka bila ya kwaheri.

Nilimjia juu mume wangu. "Wallahi, nilichelea tusije tukala kibudu," akasema. "Ningalifanyaje?" Lakini macho hakuyainua. Mtu huyu alikuwa akichinja kuku wangu miaka yote, na bismillahi yake hata kuku mwenyewe haisikii.

Harusi ikaliwa mbuzi, watu wakashiba. Uhuru ulipokuja Mzungu alirudi kwao. Kiangazi kilichofuata mume wangu alishikwa na homa, akalala siku tatu. Siku ya pili nilikuta kunde zimeliwa tena mpaka chini. Nilitukana sana asubuhi ile. Kisha nikachukua debe, nikaenda kujaza karai.